Kitinda Mimba Hakutoka

Nimezaa wavulana watatu, na mtu asinidanganye kwamba hao ni watoto. Hao ni kikosi. Nikisonga ugali wa muhogo wa kutosha kulisha harusi, wao wanauliza kama kuna kingine. Kaptula ya shule nikiinunua Jumatatu, Ijumaa ina madirisha mawili nyuma, na mwenyewe anaapa hajakaa popote isipokuwa darasani. Kuna siku walimvalisha mbuzi wa watu sketi yangu ya kanisani, mbuzi akaenda nayo hadi senta, na naambiwa kuna waliompa shikamoo. Ndivyo tunavyoishi hapa kwetu, nje kidogo ya mji wa Kibondo, na nikianza kusimulia visa vyao watu hushika mbavu.

Hiki nacho nimekisimulia mara nyingi kwa kuchekesha. Nikiwa peke yangu sikicheki.

Wakati huo wa kwanza alikuwa na miaka tisa, wa pili saba, na kitinda mimba anaelekea minne. Baba yao alikuwa Kasulu, amepeleka maharage sokoni, na angerudi kesho yake. Shule zilikuwa zimefungwa, na likizo ni adui wa mama. Walipomaliza kula mchana wakaanza kombolela. Mmoja analinda kopo, wengine wanajificha. Akikuona anakimbilia kopo na kukutaja, lakini wewe ukimwahi ukalipiga teke, umewakomboa wote waliokamatwa. Zamu ya kulinda kopo ilikuwa ya wa pili.

Mimi nilikuwa uani nageuza mihogo juani. Wa kwanza akapita mbio kando yangu, nikamdaka shati.

"Mama, niko mchezoni."

"Mchezo hauliwi. Chukua debe hilo upeleke mashineni kabla hakujajaa watu."

"Lakini mama, mdogo—"

"Mdogo nitamwona mimi. Nenda."

Akaangalia nyuma, akaniangalia, akajitwisha debe la makopa ya muhogo akaondoka. Nikaendelea na mihogo yangu, nimeridhika kabisa na malezi yangu.

Baadaye wa pili akaja ameburuta kopo lake. "Mama, mdogo nimemshindwa."

"Mtafute vizuri."

"Nimemtafuta. Nimesema toka, nimeshindwa, nimesema mara elfu. Hatoki."

Nikasimama mlangoni nikaita. "Mwanangu, toka, kuna karanga." Mtoto yule kwa karanga angetoka hata kaburini. Neno hilo likanipita kichwani, nikajuta papo hapo kuwa nimeliwaza. Nikaita tena, safari hii kwa sauti niliyoamini imevuka mpaka na kuwasumbua watu wa Burundi. Kuku wakanitazama.

Nikaanza ndani. Uvunguni, nyuma ya mlango, ndani ya magunia, ndani ya pipa la maji ambalo hata paka haingii. Nikaenda kwenye shimo la choo kipya tulilokuwa tumeanza kuchimba, nikalala kifudifudi ukingoni na kumulika kwa simu. Kulikuwa na kandambili moja, ya mume wangu. Nikarudi barabarani. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akingoja abiria chini ya mti aliniona usoni, hakuniuliza nauli. Akawasha pikipiki akasema anafuata barabara ya Kasulu, ataulizia kila nyumba.

Bibi jirani naye akaja. Mama huyu alivuka mpaka akiwa msichana, wakati watu wanakimbia kwao, na sasa ni raia na mzee wa kanisa, ana wajukuu wasiohesabika, na wangu watatu huwahesabu humo humo. Mikono yake ilikuwa na udongo. Alikuwa nyuma ya nyumba yake akishughulikia ndizi za posa ya mjukuu. Kwetu ndizi za kukamua pombe hupangwa zikiwa mbichi ndani ya shimo lililotandikwa majani makavu, hufunikwa na kufukizwa moshi, na baada ya siku kadhaa zote huwa zimeiva kwa pamoja.

"Umeangalia bondeni?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshaangalia kila mahali isipokuwa bondeni, na yeye alijua kwa nini. Huko ndiko kuna madimbwi tunakolowekea mihogo michungu mpaka iache sumu. Maji yake ni meupe kama uji, huoni hata kidole chako kikizama.

Tukashuka. Bibi alishika mti mrefu, mimi mwingine, wa pili tukamwacha juu ukingoni na kumkataza kusogea. Tukawa tunachoma maji taratibu, dimbwi baada ya dimbwi. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimewahi kuzaa mtoto wa kilo tano. Katika dimbwi la tatu mti wangu ukagusa kitu laini. Nikausukuma kidogo. Kikasogea, kisha kikarudi.

"Bibi," nikasema.

Aliingia majini na kanga yake, akazamisha mikono yote miwili mpaka mabegani, uso ameugeuzia pembeni, akavuta. Kilikuwa kiroba cha mihogo kilichokuwa kimeanza kuoza. Tukakitazama. Bibi akakirudisha majini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, na tukaendelea na dimbwi la nne.

Tulipopanda kurudi nyumbani simu ikaita. Baba yao. Kila jioni akiwa safarini hupiga na kutaka kuongea na kila mmoja, kwa zamu, kuanzia mkubwa.

"Nipe vijana wangu," akasema, mchangamfu. Maharage yalikuwa yameuzwa.

Nikamwambia mkubwa yuko mashineni, nikampa simu wa pili. Wa pili akaamkia vizuri, akajibu kwamba amekula, kwamba hajapigana. Kisha akasikiliza, akaniangalia. Akaona nilivyokuwa nimekaa. Kabla sijafungua mdomo akabana pua kwa vidole viwili na kuongea kwa kasauti ka mdogo wake: "Shikamoo baba. Uniletee biskuti."

Halafu simu ikarudishwa kwangu.

"Huyo ni yule yule," mume wangu akasema. "Mama watoto, mdogo yuko wapi?"

"Hatumwoni. Tangu mchana."

"Majini mmeangalia?"

"Ndiko tunakotoka."

Nilimsikia akihema. "Niko Kasulu," akasema, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua. "Jua linazama na mimi niko Kasulu. Rudini majini, mwangalie tena. Natafuta gari, hata la mkaa."

Wa pili alikuwa amekaa chini, anajifuta vidole kwenye shati kama vimeshika kitu kibaya. Nikataka kumwambia sijamkasirikia. Sikupata nafasi, kwa sababu watu walikuwa wamejaa uani sasa, nusu ya Kibondo kwa hesabu yangu, na kila mmoja alikuwa na mahali ambapo mtoto wa fulani aliwahi kupatikana.

Katikati ya watu hao akaingia wa kwanza na debe la unga kichwani, mweupe mpaka nyusi.

"Umeme ulikatika," akasema. Akatua debe. Akatazama watu, akanitazama mimi, kisha mdogo wake wa pili, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu apate kiatu cha mpira. "Hajaonekana mpaka saa hizi?"

Wa pili akatikisa kichwa.

"Umekubali umeshindwa?" akamuuliza mwenzake.

"Nimekubali."

"Basi tumeshinda."

Nilimshika mabega. "Yuko wapi?"

"Kwenye ndizi za bibi," akasema. "Za shimoni. Pale kona aliyofunua asubuhi aangalie kama zimeiva. Nilimlaza vizuri, nikamfunika majani."

Bibi jirani alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akisema "Mwana wanje," mwanangu, kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya chini sana. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, ili nisikose kuelewa: "Nimelifunika. Nimeweka bati, nikaweka na mawe."

Nilisoma masomo ya jioni pale mjini nikiwa na mimba ya mtoto huyo huyo, tumbo likigusa dawati. Mwalimu wa kemia alitufundisha hewa ya ukaa: haionekani, hainuki, ni nzito, na hujilaza chini shimoni kama maji, hasa mahali penye matunda yanayochachuka. Alitueleza na watu wanaoingia visimani wasitoke. Kwenye mtihani swali hilo nililijibu lote. Jioni ile ningetoa cheti changu na fremu yake niwe mjinga.

Sikumbuki nilivyofika. Watu wanasema niliruka ua wa miiba, na ua ule mpaka leo nikiupima kwa macho unanifika kifuani. Tukatupa mawe. Bati lilikuwa bado na joto la jua la mchana. Chini yake majani, na harufu tamu nzito ikatupanda usoni, ile ya ndizi zilizoanza kuwa pombe. Shimo lenyewe halizidi kiuno. Nikavuta pumzi nikaingiza mikono. Nikashika ndizi, ndizi, ndizi, halafu mguu.

Ulikuwa wa moto. Ndizi nazo zilikuwa za moto. Kila kitu shimoni mle kilikuwa na joto lile lile, kwa hiyo mguu ule haukuniambia chochote.

Tulimtoa kichwa kikilegea huku na huku. Midomo ilikuwa imepakwa ndizi mpaka masikioni. Bibi akaninyang'anya, kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akakimbia naye hadi kilele cha kichuguu ambako upepo unapiga, akamlaza kifudifudi juu ya magoti yake na kumpiga mgongo kwa kiganja. Akapiga. Akapiga. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yao naangalia mdomo wa mtoto.

Akatapika. Ndizi zilizotoka hapo nasema kikapu kizima, wengine wanasema kikombe. Akakohoa, akavuta pumzi yenye mlio, kisha akafumba macho tena kama anayerudi kulala.

"Asilale," bibi akasema. "Mtembezeni."

Kijana wa bodaboda alikuwa amerudi. Akatubeba, mimi nyuma yake na mtoto kifuani, wa kwanza akadandia nyuma yangu bila kuulizwa, na njia nzima hadi zahanati nilikuwa namfinya mdogo masikio na yeye analalamika, na kila lalamiko nililipokea kama mshahara. Mganga akasikiliza kifua chake, mbele na nyuma, akarudia. Akamwekea kidole mbele ya macho kimfuate. Akauliza alikaa shimoni muda gani, nikasema tangu mchana. Akasema tukae hapo kwenye benchi kwanza, amwangalie, asiondoke mpaka aseme yeye. Nikampigia baba yao. Alikuwa juu ya lori, upepo ukivuma kwenye simu, nikamwambia amepatikana, anapumua, akasema "Mwekee simu mdomoni nimsikie." Nikamwekea. Mtoto akapiga mwayo. Simu ikakatika, nadhani kwa mtandao.

Tulikaa. Mdogo aliegemea ubavu wangu, anaanza kuwa yeye. Wa kwanza hakukaa. Alisimama kando ya ukuta, unga usoni umechorwa mistari miwili kutoka machoni hadi kidevuni.

"Ulinisikia nikikuita?" nikamuuliza mdogo.

"Ego," akasema. Ndiyo zake zote amezitoa kwa bibi jirani.

"Nilisema kuna karanga."

"Nilisikia karanga."

"Mbona hukutoka?"

"Kaka alisema nisitoke hata mama akiita. Alisema utakuwa mtego."

"Na giza lile? Bati je?"

"Kaka aliniongezea mlango," akasema, kwa sauti ya mtu anayesifu fundi.

"Sikuweka mimi," wa kwanza akasema kutoka ukutani. "Mama, bati sikuweka mimi."

"Najua."

Hapo nilitakiwa kuwa na hotuba. Kwa kawaida ninazo, za kutosha mihula miwili. Lakini nilikuwa nafikiria barabara yetu, malori yale ya mkaa na mabasi yasiyojua kupunguza mwendo, na jinsi nilivyomfundisha mdogo tangu aanze kutembea: kaka akisema simama, simama, kaka akisema lala chini, lala, usiulize. Na alivyokuwa akisimama, kila mara, kama aliyepigiliwa msumari. Lile siwezi kulifuta. Kesho yake tu wangepita tena barabara ile kwenda kisimani.

Nikamgeuza anitazame. "Sikiliza. Mama akiita, unatoka. Hata kama unashinda. Hata kaka akikataza. Umesikia?"

Aligeuza kichwa polepole, akamtafuta kaka yake pale ukutani, na akangoja.

Wa kwanza akaangalia chini. Akajifuta pua kwa mkono wa shati, akaniangalia mimi, kisha akamwitikia mdogo wake kwa kichwa.

"Ego, mama," kitinda mimba akasema.