Soksi za Chumba cha Mashine

Fundi wa boti letu la abiria hununua spana akiwa amefumba macho. Anaipapasa, anaipima kiganjani, kisha anamwambia muuzaji, "Hii hapana, mwanangu, itaniteleza." Akirudi chomboni, kila spana anaipaka grisi, anaivisha soksi kuukuu ya mumewe na kuitundika ukutani kwa kamba, mahali pake palepale, ili mawimbi yasizigonganishe wala chumvi isizile. Nahodha alizoea kuchungulia na kucheka hadi machozi: "Mama, leo umeanika soksi za nani?" Naye hujibu bila kugeuka, "Za wenye akili."

Juzi injini ilizimika karibu na miamba, na taa za huko chini zikazimika nayo. Roho zetu zikawa mkononi. Tukamsikia gizani akipiga mluzi, na kabla nahodha hajamaliza kumwita Mungu, injini ikanguruma. Abiria walishangilia, yeye alikuwa bado anazivisha spana zake soksi.

Jana nahodha alishuka ngazi kimyakimya, akamwekea mezani jozi tatu za soksi zake mwenyewe, zimefuliwa na kupigwa pasi. Mama akafumba macho, akazipapasa moja moja, akamrudishia moja. "Hii ina tundu, mwanangu."