Punda Aliyejua Kufa

Watu wakijua mume wangu aliwahi kufanya kazi kwenye sinema, swali lao ni lile lile: "Wale wanyama wanaumizwa kweli, au ni maigizo tu?" Yeye huinuka akatoka nje. Mimi ndiye ninayebaki na wageni, na ulimi wangu hauna breki. Wanaumizwa, nawaambia. Kunyweni chai.

Mume wangu ni mbeba mizigo. Matofali, mchanga, makabati ya watu wanaohama, vyote vilipanda mkokoteni wake, na mkokoteni ulivutwa na punda jike tuliyemwita Bibi Harusi, kwa sababu alitembea kwa maringo na hakuharakishwa na mtu. Miaka kumi na moja walikuwa pamoja. Alizungumza naye kwa upole ambao mimi mkewe nilikuwa nausikia kwa jirani tu. Nilimwambia hivyo siku moja, akacheka, hakukanusha.

Wakati wa kusubiri mzigo alimfungua, na punda akiachwa amesimama anakula mboga za wauzaji. Basi akamfundisha: akiguswa bega, analala ubavu, shingo chini, hatikisiki mpaka asikie ulimi wa mume wangu ukigonga mara mbili. Wapita njia walidhani amekufa. Wengine walimpa pole.

Watu wa sinema wakapata habari. Walitaka punda wa kupigwa risasi vitani, risasi za uongo, moshi wa uongo. Mume wangu kichwa kikamvimba. Alipiga pasi shati la kwenda kusimama na punda! Nami nikamfuata, nisipitwe.

Siku ile walimkimbiza kwenye kilima cha mawe mara sita. "Tunajaribu tu, kamera bado," alisema mwongozaji, mtu mpole, siwezi kumsingizia. Mara sita Bibi Harusi alikimbia, mwigizaji akamgusa bega, akalala. Mara ya saba alianguka kabla ya kumfikia mwigizaji. Ukwato ulikuwa umenasa kati ya mawe, ila hilo tulilijua baadaye. Hakulia. Alilala ubavu, shingo chini, vile vile alivyofundishwa.

Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Mwongozaji akauliza kama punda anaweza kubaki pale wakihamisha taa. "Hata saa nzima," akajibu mume wangu, kifua mbele. "Huyu hainuki bila mimi."

Wakahamisha taa taratibu, jua la saa saba likimchoma. Hatimaye mume wangu akagonga ulimi mara mbili, na Bibi Harusi akainuka. Aliinuka kwa miguu mitatu, wa nne unaning'inia, akaanza kumfuata. Daktari wa mifugo alikuja na sindano. Hapo sitaeleza zaidi.

Jioni mwanamke aliyewekwa kulinda wanyama alileta fomu, macho yake yamevimba. Akaeleza kwamba hayo yametokea kwenye mazoezi, kamera haijawashwa, kwa hiyo mwisho wa sinema bado wataandika hakuna mnyama aliyedhurika wakati wa kupiga picha.

"Si uongo, mzee," akasema.

"Dada," nikamwambia, "na yule aliyefunikwa turubai pale ni nani?"

Akasogeza kalamu. Mume wangu akatia sahihi. Nilimnunia wiki nzima. Niliona amewaogopa wakubwa, amemuuza rafiki yake kwa woga.

Juzi wifi yangu alikuja kutusalimia, na sinema ikatajwa. Kaka yake akainuka kama kawaida. Safari hii nilimfuata uani, hasira zimenijaa.

"Kwa nini ulisaini? Si ungekataa!"

"Nikatae niseme nini?"

"Useme wamemuumiza!"

Alikaa kwenye mkokoteni, ambao siku hizi anauvuta mwenyewe.

"Walipokuwa wanahamisha taa," akasema, "aliinua kichwa, akanitazama. Miaka yote hajawahi kufanya hivyo. Nikajua kuna kitu."

"Ukafanya nini?"

"Watu wote walikuwa wananiangalia mimi." Akafuta uso kwa mkono. "Nikamwambia, lala mama, bado kidogo. Akalala."