Benchi la Gereji na Injini ya Koboko

Sisi tuliokulia Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wakati barabara ya kwenda Koboko ilikuwa bado vumbi tupu tunatambuana kwa jambo moja: hatuwezi kuacha gari gereji tukaenda zetu. Mtu wa rika langu akipeleka gari kwa fundi, hata kama ni kubadilisha plagi tu, utamwona anazungusha macho akitafuta pa kukaa. Akipata, anakaa, na macho yake hayatoki kwenye mikono ya fundi. Vijana wa leo wanaacha ufunguo, wanajipiga picha wameegemea boneti, wanaondoka, na jioni wanalipa kwa simu bila hata kuinama kuchungulia chini ya gari. Nasema "vijana wa leo" kana kwamba mimi ni bibi kizee, na thelathini bado sijaifikia. Lakini nawaonea wivu. Wao wanalala usingizi.

Likizo zangu za utotoni zilipita kwenye benchi la fundi Swaibu, kule mtaa wa Oli. Halikuwa benchi hasa. Ulikuwa ubao mrefu juu ya rimu mbili za lori, umelainishwa na makalio ya watu wenye wasiwasi. Gereji yenyewe ilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati, ardhi yake nyeusi kwa oili, na mvua ikinyesha madimbwi yalikuwa na rangi zote za upinde wa mvua. Mimi na kaka yangu Drani tulipelekwa pale asubuhi pamoja na gari la baba, gari dogo kuukuu la rangi ya maziwa, na tulikaa nalo mpaka lifungwe boneti. Tulicheza dulu, ule mchezo wa gololi, kwa gololi za beringi zilizochakaa, ambazo zilikuwa nzito na zilivunja dulu za kioo za watoto wa jirani, wakatuita majambazi. Mchana mama alituletea chakula kwenye bakuli lililofungwa kitambaa: ule ugali mweusi wa mihogo na mtama tunaouita enyasa, na vile visamaki vikavu vya angara vilivyopikwa kwa karanga. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli nasikia njaa.

Ni lazima nieleze baba alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mwalimu, na alimshuku kila mtu kwa usawa, bila kubagua dini wala kabila. Siku hizo petroli iliuzwa kwa madumu kando ya barabara, na baba hakununua kabla ya kudondosha tone kwenye karatasi na kuipeperusha hewani. Karatasi ikikauka safi, alinunua. Ikibaki na doa la mafuta, alimwonyesha muuzaji lile doa kama anavyomwonyesha mwanafunzi kosa lake la hesabu. Asali aliipima kwa njiti ya kiberiti. Mayai aliyazamisha kwenye maji palepale sokoni. Mama alikuwa akisema, "Baba yenu akifika mbinguni, kabla hajaketi ataomba kwanza kuonyeshwa jikoni."

Kwa gari alikuwa na mbinu yake maalumu. Kabla ya kwenda gereji alichukua rangi ya kucha ya mama, ile nyekundu, akaweka nukta kwenye kila kitu kinachoweza kufunguliwa: karbureta, betri, radieta, hata kofia za magurudumu. Aliamini mafundi wote wa dunia hutoa kifaa kizima cha mteja na kurudisha kibovu. Jioni alizunguka gari na tochi akitafuta nukta zake. Mama alienda harusini na kucha zilizopakwa rangi nusu mkono.

Siku moja Drani alikabidhiwa ile chupa. Baba alimwambia, "Weka alama kila kitu chetu," na Drani, kwa bidii aliyokuwa nayo, alipomaliza gari akaingia kwenye spana zilizotandazwa chini. Jioni baba akaja na tochi. Akaona spana zina nukta nyekundu. Akaanza kuzikusanya moja moja na kuzitia kwenye buti.

"Mwalimu, hiyo spana yangu," fundi Swaibu akasema.

"Alama ni alama."

"Mwalimu, wewe toka lini na spana?"

"Swaibu, mimi sibishani. Rangi hii iko kwangu tu, Arua nzima hakuna mwingine."

Gereji nzima ilisimamisha kazi. Mtu mmoja alicheka mpaka akakaa ndani ya tairi akashindwa kutoka. Drani alipokiri, baba alirudisha spana, lakini kwa uso wa mtu ambaye bado anataka kuchunguza zaidi.

Jumapili baada ya misa, gari hilohilo lilitupeleka Koboko kwa nyanya, mama yake mama. Tulifunga vioo na vumbi likaingia vilevile. Tulifika tumekuwa wekundu kuanzia nyusi mpaka soksi, na nyanya alitukung'uta kwa kanga kabla ya kutukumbatia. Safari hizo hazikukatika hata tulipokuwa wakubwa. Drani alienda Juba kutafuta maisha, baba akastaafu, barabara ikawekwa lami, nami nikawa dereva. Mama nyonga ilimharibika; teksi za kubanana hawezi tena, na bodaboda ndiyo kabisa. Gari lile likawa njia yake pekee ya kumwona mama yake, ambaye sasa ni mkongwe na haoni vizuri.

Ndiyo maana injini ilipokufa mwaka huu, haikufa peke yake.

Ilikufa tukiwa tunarudi kutoka Koboko. Joto lilipanda, moshi mweupe ukatoka nyuma, kisha mlio kama mtu anayegonga sufuria kwa nyundo, halafu kimya. Nilitoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia ndani. Hilo nalijua kwa sababu elimu yangu ya magari nimeiokota mwenyewe, kwenye video za simu, wakati duka langu la kuchapa na kutoa nakala halina wateja. Hakuna chuo kilichonifundisha chochote. Pengine ndiyo sababu siamini ninachokijua. Mimi ni mtu wa kuchapa upya kurasa zote kwa sababu ukingo mmoja umepinda. Nafunga duka, nafika nusu ya njia, narudi kutikisa kufuli.

Gari lilivutwa mpaka Oli. Fundi Swaibu, ambaye ndevu zake sasa ni nyeupe, aliinua boneti, akaweka sikio, akaifunga.

"Binti, hii imekufa. Kuna ingine Koboko, iko mzima. Kwa Hajji."

"Hajji ni nani?"

"Shemeji yangu. Ameoa dada yangu."

Moyo wangu ukafunga mlango. Hakuwa ameifungua injini hata nati moja, na tayari alijua imekufa, na tayari alikuwa na nyingine, na nyingine hiyo ilikuwa kwa shemeji. Nilimpigia Drani. Akasema, "Uza hilo debe kwa wanaonunua vyuma. Gari limezeeka kuliko wewe." Nikamwuliza baba. Baba, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kufika Oli, alitazama nje akasema, "Fanyeni mtakavyoona." Hilo ndilo lilinitisha zaidi. Maishani mwake hajawahi kusema hivyo. Nikamshuku hata yeye, kwamba anaumwa na anatuficha.

Tulienda Koboko mimi na Swaibu. Injini ilikuwa imewekwa juu ya tairi, imeoshwa inang'aa kama sahani ya mgeni.

"Kwa nini imeoshwa?" nikauliza.

"Madamu, sasa unataka nikuuzie chafu?" Hajji akajibu, na watu waliokuwa pale wakacheka. "Hii enjini hapana jua vumbi. Imetoka kwa meli, imekuja kwangu."

"Kila injini ya Koboko imetoka kwa meli."

"Ee, Swaibu! Huyu ni mtoto ya mwalimu kweli!"

Nilifungua kifuniko cha oili nikanusa. Nilimulika namba kuona kama imesagwa, haikusagwa. Nilitoa plagi zote nikazipanga kwenye kitambaa. Nikataka iwashwe palepale chini, kwa betri na chupa ya petroli, na ikawaka mara moja, ikanguruma sawasawa, bila moshi. Nilikaa nayo mpaka Hajji akaenda kuswali akarudi. Sikuona kasoro. Basi nikaanza kushuku kwamba kasoro imefichwa vizuri sana. Nikasema nitafikiri.

Nilifikiri. Nilitazama video mpaka simu ikapata moto. Niliuliza mafundi wengine, na kila mmoja alikuwa na injini yake na shemeji yake. Jumapili ikapita, na nyingine, na nyingine. Mama alikuwa akivaa gauni la kanisa, akirudi kutoka misa hakulivua. Alikaa nalo sebuleni mpaka jioni, mkoba mapajani. Mara moja alipata sauti ya nyanya kwenye simu ya jirani yake, na nyanya aliuliza tu kama huku kunanyesha, kana kwamba mvua ndiyo iliyotuzuia.

Jumapili moja nilikuwa namweleza kwamba nimebakiza mambo machache ya kuhakikisha. Mama alinikatiza, na hakupandisha sauti.

"Candiru, wewe unangoja injini isiyo na shaka. Ngoja, ni haki yako. Lakini mama yangu hawezi kuingoja."

Kesho yake nilienda Oli nikamwambia Swaibu alete ile ya Hajji. Sikuwa na uhakika, nasema wazi. Nilitarajia afurahi, lakini aliendelea kufuta mikono.

"Nani atakaa?"

"Atakaa wapi?"

"Kwa benchi. Baba yako hapana weza. Drani hayuko. Mimi hapana gusa gari kama mutu yenu hapana kaa hapa."

Nikamwambia, kwa upole niliojilazimisha, kwamba mambo ya kumchunguza kama mwizi yalikuwa ya baba, nami sina nia ya kumwaibisha mzee kama yeye.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Baba yako? Baba yako alikuwa na rangi ya kucha tu. Benchi ni yangu. Nilipoanza kazi, mutu mmoja alisema nimeiba dainamo yake. Nililala kwa polisi, na dainamo ilikuwa kwa nyumba yake, mutoto wake ameiuza. Toka siku ile nikasema, mwenye gari akae, aone. Watu wanafikiri benchi inalinda gari. Benchi inalinda mimi." Kisha akacheka. "Na hata hivyo baba yako alitaka kubeba spana."

Miaka yote hiyo nilidhani tulikuwa askari wa baba. Kumbe tulikuwa mashahidi wa Swaibu, na yeye ndiye aliyetuita. Ningependa kuandika kwamba hapo mashaka yangu yaliisha. Hayakuisha. Nilijiuliza kwanza kama hadithi ile ni ya kweli, na bado sijui. Lakini nilifunga duka, nikaja nikakaa.

Watoto wa Drani, waliokuwa wamekuja likizo, nilijaribu kuwapa zamu. Walikaa wamezibwa masikio kwa waya za muziki, vichwa chini. Fundi angeweza kuwabeba wao wenyewe akawauza kwa kilo. Wakaniuliza kwa nini tusiweke kamera. Nikawarudisha nyumbani, nikabaki mimi na ubao ule, joto la mabati, na harufu iliyonitia njaa bila mtu wa kuniletea bakuli. Nilitazama kila boliti ikitoka na kila boliti ikirudi. Injini ya zamani baba aliagiza iletwe nyumbani, kwa kuwa alikuwa na hakika Hajji angeiosha na kumwuzia mtu mwingine. Nilifarijika sana kusikia hivyo. Baba hakuwa mgonjwa.

Jumapili iliyofuata tulienda Koboko. Gari lilikuwa jepesi, halitetemeki, na lami ilipita chini yetu bila kutugusa. Mama alishika mkoba kwa mikono miwili njia nzima. Tukaingia uani kwa nyanya, nikazima injini, tukangoja.

Hakuna aliyetoka.

Nilimwona mama akibadilika uso. Nami nikafanya hesabu ya Jumapili zote nilizopoteza nikinusa vifuniko vya oili. Ndipo sauti ikatoka ndani, kali:

"Gari ya nani hiyo?"

"Ni sisi, mama," mama akajibu.

"Uongo. Gari ya mtoto wangu naijua. Inakohoa toka kwa kona, naweka chai. Hiyo hapana kohoa. Nyinyi ni nani?"

Mama alishuka kwa taabu, akiegemea mlango, akaingia ndani kwa hatua zake za nyonga mbovu. Nadhani nyanya alikuwa anampapasa uso. Halafu nikasikia wote wawili wanacheka, au wanalia. Kutoka kwenye gari sikuweza kutofautisha.

Zamani tulifika wachafu, tumechoka, tumechelewa, na kabla hatujafungua mlango chai ilikuwa imeshamiminwa. Sasa tunafika safi na mapema, hatuna hata chembe ya vumbi ya kukung'utwa, na inabidi tujitambulishe mlangoni. Nyanya anasema atajifunza sauti mpya. Kila Jumapili anatuuliza tena ni akina nani, na mama anajibu, na mimi nasimama nyuma yake nikisubiri tuaminiwe.