Madumu ya Mzee Nyakundi

Siku ile ya Kisii mjini naikumbuka hadi leo, mwanangu. Umeniambia jeshi linakupeleka kozi ya ununuzi na ugavi. Mimi niliisoma miaka ya sitini, kijana wa Gesima mwenye buti zinazong'aa na majivuno tele. Tulifundishwa kununua, kupokea, kutunza na kusafirisha. Jambo moja mkufunzi alilirudia mpaka tukawa tunamwigiza bwenini: chombo cha maji hakipokelewi kwa macho. Kijaze, kilaze juu ya gunia kavu, usubiri hadi kesho yake.

Kazi yangu ya kwanza, katika bohari ya jeshi pale Kisii mjini, ikawa kupokea madumu ya chuma ya askari wa doria kule kaskazini, jangwani. Mfanyabiashara aliyeyaleta alikuwa Mzee Nyakundi, aliyetahiriwa pamoja na baba yangu. Kwetu Wakisii huyo naye ni baba, na kati ya baba na mwana kuna heshima yenye haya ndani yake, tunaiita chinsoni. Huwezi kupekua vitu vyake naye anakuangalia. Alisimama kando ya madumu, kofia mkononi, akingoja. Niliona kuyapima ni kumwita mwongo.

"Yako sawa, Tata," nikasema, nikimwita baba kwa Kikisii, nikatia sahihi.

Alinitazama kidogo. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Madumu yakaenda kaskazini, na Mutua, rafiki yangu wa kozi, akaenda nayo. Moja lilibaki bohari. Wiki ya tatu nikalijaza maji ya kufulia, na asubuhi nikakuta sakafu imelowa na dumu limebaki nusu. Nilijua la kufanya, mwanangu, lakini niliogopa jela, nikanyamaza siku mbili. Mengine nimejisamehe, hizo siku mbili bado.

Nilipomwambia mkubwa wangu, simu ya upepo ilipigwa, ila doria ilikuwa imeshaingia jangwani na madumu yale, haipatikani. Siku nne sikula. Kila gari lililoingia kambini nilidhani limebeba maiti. Mutua alirudi amebebwa, midomo imepasuka, hanitambui. Wenzake wawili hawakurudi.

Nilifungwa, nikavuliwa cheo. Nilipotoka nikaenda kwa Mzee Nyakundi, nikiwa na hasira naye. Alinikaribisha kiti.

"Niliyanunua kwa watu wa Kisumu," akasema. "Mimi ni mtu wa mahindi, chuma nakijulia wapi? Nilisimama pale nikingoja wewe uliyesomeshwa uniambie kama ni mazima. Ungesema yanavuja, ningeyarudisha siku ile ile. Sasa nalala na watoto wa watu kichwani, na ni wewe uliyeniweka hapo."

Nilidhani nimemheshimu, kumbe nilimwacha peke yake.

Basi nenda kozi, mwanangu, uandike yote watakayokufundisha. Lakini atakapokuja na mzigo mtu unayemwita baba, msalimie, mpe kiti, kisha jaza maji mbele yake na usubiri hadi kesho. Akinuna, anune. Ukikosea, sema saa ile ile, hata kama sauti inatetemeka. Nikileta mimi, nipime na mimi.

Mungu akupe macho yasiyoona haya kazini, na kila unayemtuma mbali umpokee akiwa hai.