Mkono wa Maganga Pale Getini

Jioni ninayoikumbuka, mwanangu, barabarani tulikuwepo watu hawa. Baba yangu, Mzee Saidi Nandule, mchonga vinyago wa Kimakonde. Mama yangu, Bi Somoe, kwenye karai lake la mihogo, na mie binti yake pembeni nachochea moto. Bi Mwanahawa, Mzaramo aliyetupangisha chumba. Sefu, mtoto wa dada yake huyo Bi Mwanahawa, kijana mwenye mdomo. Na askari mmoja mgeni getini, ambaye jina lake tulikuwa bado hatujalijua. Wengine walikuwa wapita njia.

Ilikuwa Mbagala, enzi hizo mabonde yake yana mikorosho. Ng'ambo ya barabara yetu palikuwa na kambi ndogo ya jeshi, siku hizi haipo. Jua likikaribia kuzama tarumbeta hulia, bendera inashushwa, na kila kitu kinasimama. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye ndoo kichwani anaganda nayo, mama anauacha mwiko ndani ya karai. Hakuna kusogea mpaka bendera ifike chini na kukunjwa. Wala hatukuchukia. Mie nilikuwa naupenda ule utulivu, ulikuwa unasikia mafuta yanachemka peke yake.

Sasa, baba yangu alikuwa hasikii. Homa ya utotoni huko Newala ilimwachia ulimi ikamchukulia masikio. Akipita pale jioni hutazama wenzake. Wakisimama, naye husimama. Lakini siku ile alikuwa anatoka Chang'ombe alikokuwa akichongea, na gogo la mpingo begani, upande ule ule tuliosimama sie. Gogo likamziba asituone. Tarumbeta likalia, dunia nzima ikasimama, baba akaendelea na safari yake.

Yule askari akapiga kelele mara ya kwanza, akapiga ya pili. Baba anatembea tu. Kijana akaona amedharauliwa, tena bendera imedharauliwa. Akamfuata, akalivuta gogo likaanguka, akamwonyesha kwa vidole achuchumae, ashike masikio, aruke kichura. Mwanangu, mtu mzima mwenye mvi, ameshikishwa masikio yake yale yale yasiyosikia, anarukaruka kwenye vumbi. Na sie wote tumesimama wima, kwa kuwa bendera bado iko njiani. Haijawahi kushuka taratibu kama siku ile.

Ilipofika chini, mama alikimbia na kanga yake mkononi. "Hasikii, baba! Huyu hasikii!" Kijana akamtazama mama, akamtazama baba, akarudi getini.

Nyumbani baba hakula. Akasema, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia, kwamba anafunga mizigo, anarudi Newala. Hawezi kupita tena mahali ambapo watoto wamemwona akiruka. Mama akalia, maana vinyago vilinunuliwa huku, na kule kwetu hatukuwa tumeacha hata kibanda.

Sefu naye hakukaa kimya. Akakusanya wenzake uani, akawaambia askari wote ni wanyama, wamelishwa na sie halafu wanatupanda kichwani, kesho twende getini tukawatukane mpaka watoke. Bi Mwanahawa alikuwa anachambua mchele. Wote tulijua kwamba mwanawe wa pekee, Athumani, alivaa nguo zile zile, akaenda vitani, na hakurudi. Akasema bila kuinua macho kwenye ungo:

"Sefu, wewe unataka kutukana, mie nataka kusema. Kama huoni tofauti yake, kesho baki hapa umchungie Somoe mihogo yake."

Watu wakacheka. Sefu akanuna, lakini kesho yake kweli alibaki na mihogo.

Asubuhi Bi Mwanahawa alivaa buibui lake la sikukuu, akamshika baba mkono, mama na mie nyuma. Getini akaamkia vizuri, akaomba mkubwa wa pale. Akatoka Afande Komba, mtu mrefu wa Songea, na yule kijana akaitwa. Bi Mwanahawa akamuuliza jina lake na kwao ni wapi. Akajibu anaitwa Maganga, Mnyamwezi wa Tabora.

"Kumbe mtani wangu," akasema Bi Mwanahawa. "Basi nitasema bila kuogopa. Mwanangu alivaa nguo hiyo uliyoivaa, na ilimrudishia mama yake salamu za watu tu. Naiheshimu kuliko unavyoiheshimu wewe. Ndiyo maana jana sikuinua mguu mpaka bendera ilipokunjwa. Sasa imekunjwa. Huyu mzee umemwonea, na ukimwonea ukiwa ndani ya nguo hiyo, umemwonea na Athumani wangu."

Afande Komba hakufoka, wala hakutufukuza. Alisema, "Mama umesema kweli," akamgeukia Maganga, akamsubiri. Maganga akavua kofia. Akagusa sikio lake, akagusa kifua chake, akainamisha kichwa mbele ya baba. Baba akamtazama, akasema kwa ile sauti iliyofika mpaka jikoni kwao: "Mie bendera naipenda. Niambieni tu inashuka saa ngapi."

Maganga akainua mkono juu, kiganja wazi. Baba akaelewa. Akaitikia kwa kichwa, na mizigo haikufungwa.

Tangu siku ile, kabla tarumbeta halijalia, askari wa zamu alimtafuta kwanza Mzee Nandule kwa macho. Akimwona, anainua mkono. Baba anatua mzigo wake, anasimama wima kuliko sie wote. Askari wakihamishwa, wanaoingia wanafundishwa na wanaotoka kwamba hapa kuna mzee wetu, yeye anaambiwa kwa mkono.

Baba alipofariki, Maganga alikuwa amehamia kambi nyingine, lakini alikuja, amevaa kanzu ya kuazima. Wageni wa Newala walichelewa, jeneza likatoka jua likikaribia kuzama. Sie wanawake tulibaki mlangoni tunawatazama wanaume wakipita mbele ya kambi. Tarumbeta likalia. Wote wakasimama, na jeneza mabegani. Maganga alikuwa amebeba mbele, bega la kulia. Akauinua mkono wake wa kushoto juu, kiganja wazi, kumwambia baba.

Mpaka leo namshukuru. Namshukuru Afande Komba aliyesikiliza, na Bi Mwanahawa aliyesema. Nchi hii nimelala ndani yake kwa amani mpaka nimezeeka, na najua kuna watu hawakulala.

Haya nimeyaandika kwa ajili ya wajukuu zangu wawili. Idi ameshika simu anawatukana askari wote kwa kosa la mmoja. Dada yake Zuhura, anayejiandaa kwenda jeshini, anasema jeshi halisemwi. Wananigombania masikio yangu mie. Idi mwanangu, simama bendera inaposhuka, ndipo ukasema, na umseme aliyekosea kwa jina lake na kosa lake. Na wewe Zuhura, ukivaa nguo hiyo, akija mama wa watu getini kukwambia umekosea, vua kofia umsikilize. Anayekuja kukwambia bado anakuhesabu kuwa wake.

Mungu awape macho ya kumwona asiyesikia, na awarudishe salama wote waliovaa nguo hiyo, hata kwa mama ambaye hatumjui.

Na nyie wa Mbagala ya zamani mnaosoma, kama nimekosea, kama Maganga alibeba kushoto na si kulia, nirekebisheni. Ila kwamba mkono uliinuliwa, hilo niliona kwa macho yangu.