Kopo Nililosema Limo Ndani

Orrin Haslam alikuwa fundi bomba katika mji wa Pocatello kwa miaka arobaini, lakini aliyetaka kumjua vizuri angemwona kambini. Kila Septemba tulikuwa watatu, yeye, Marv na mimi. Tulipakia mahema kwenye gari lake na kwenda jimbo jirani la Wyoming, kulala chini ya milima ya Teton, tukibishana njia nzima. Orrin ndiye aliyekuwa mkaguzi wa kambi. Hatukumchagua, ila hakuna aliyethubutu kumpinga.

"Marv, dawa ya meno?"

"Imo sandukuni, afande."

"Na pipi ulizoficha kwenye soksi?"

"Mzee, una pua ya mbwa wewe!"

Chakula chote, hata sabuni, kiliingia kwenye sanduku la chuma la kambi kwa sababu ya dubu. Dubu akishaonja cha watu hurudi, na akizoea hupigwa risasi. Orrin aliwapenda dubu kuliko alivyotupenda sisi.

Sasa niseme langu. Sisi hatumwagi mafuta ya bekoni. Tunayahifadhi kwenye kopo la kahawa, tukaangie viazi. Asubuhi moja kambini kulikuwa na baridi kali, komeo la sanduku limekaza na vidole vyangu vimekufa ganzi. Nikalisukuma kopo nyuma ya tairi la gari. Tulikuwa tunakwenda ziwani kwa miguu, na nilijua tutarudi mapema.

"Royce, kopo la mafuta?" Orrin aliuliza, penseli na orodha mkononi.

"Limo ndani. Si nimekupa wewe mwenyewe ukaliweka? Umesahau?"

Uongo huo wa pili niliuongeza wa nini? Nilichoka kukaguliwa kama mtoto, nikataka kumkomesha, basi. Orrin alisita kidogo, akaandika.

Tuliporudi saa sita mchana, mlango wa gari ulikuwa umekunjwa na kopo limetafunwa. Askari wa hifadhi, binti mpole, aliliokota.

"Nani alikagua?"

"Mimi," alisema Orrin. "Nililiweka sandukuni kwa mkono wangu. Au sivyo, Royce?"

Nikaitikia kwa kichwa. Marv aliangalia viatu vyake. Yule binti alisema dubu huyo walishamtia alama sikioni, na hilo lilikuwa kosa lake la pili. Walimpiga risasi keshokutwa yake, na Orrin alilia mbele yetu bila kujificha.

Ningeweza kusema siku hiyo. Lakini kuna jambo nililolijua, na ndilo linalonichoma: Lavonne, mke wa Orrin, alikufa akiwa hamtambui tena mumewe, na ugonjwa wake ulianza hivihivi, kwa kusahau vitu vidogo. Baridi haijaisha, Orrin akauza gari. Septemba iliyofuata alitujibu kwenye simu, "Nendeni tu, jamani. Mimi si wa kuachiwa moto." Tukaenda bila yeye. Nilikula, nikacheka, nikalala usingizi mzuri.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika miaka miwili. Septemba hii nilikwenda kwake asubuhi, nikakuta karatasi zimebandikwa jikoni kote kwa mwandiko wake: Zima jiko. Funga bomba. Ufunguo uko mfukoni. Juu ya simu kulikuwa na nyingine: Royce ni rafiki, mrefu, ana ndevu.

Nilimwambia yote pale pale, nimesimama. Nilitaka anitukane.

Aliweka kikombe chake cha kahawa mezani. "Daktari alisema sina kitu," alisema. "Nikamwona mwongo yeye."

"Nisamehe, Orrin."

"Miaka miwili, Royce. Nimejiogopa mwenyewe miaka miwili."

Akainuka, akabandua karatasi moja baada ya nyingine, taratibu, kama fundi anayefungua kazi yake. Akazikunja, akaniwekea mkononi, akanifungulia mlango.

Ninazo mpaka leo. Ile yenye jina langu siwezi kuisoma.