Mhunzi Kwenye Redio ya Bwana

Usiponiamini, shauri yako. Mimi si mtu wa kuona majini katika kila kichaka, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Ilikuwa saa nane mchana, hapa Same, jua linachoma, enzi za Mwingereza. Yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu.

Nilikuwa msaidizi wa Mzungu mmoja mpimaji ardhi. Morse, ile lugha ya simu ya milio mifupi na mirefu, nilijifunza jeshini, na niseme bila haya: nilikuwa hodari. Bwana yule alikuwa na redio yake ya kujifurahisha, akiongea kwa Morse na wenzake wa nchi za mbali. Tatizo ni kwamba ilipokea stesheni nne tano kwa pamoja, zote zinalia kama vifaranga. Ndani yake mlikuwa na vikopo vya bati vya kuchuja sauti, kila kimoja na skrubu yake. Ukiziweka sawasawa, unasikia stesheni moja tu.

Nikamwambia, "Niachie mimi, bwana."

Akanitazama weee, kisha akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi rudi jioni. Wewe haribu, wewe kwenda kwenu. Na Mwafrika mwingine hapana gusa hii, kabisa."

Kwetu ni Ngujini, kule Ugweno. Ningerudije, mimi niliyeondoka kwa mbwembwe kijiji kizima kikinitazama? Na hao watakaokuja baada yangu, wafungiwe mlango kwa sababu yangu?

Nikachukua bisibisi. Nikizungusha skrubu, sauti inakuja safi. Nikiondoa bisibisi, inapotea. Saa nzima mchezo ni huo huo. Athumani, mpishi, mwenyeji wa hapa Same, alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele wa Ndungu na kunicheka. "Fundi, nikakufungie mizigo yako kabisa?"

Mara nikasikia harufu ya makaa. Kugeuka, mzee amesimama ubavuni kwangu, amejifunga ngozi ya mbuzi, mikono yote ina makovu ya moto. Mhunzi. Tena wa kwetu, maana alinisemesha Kigweno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Weka chini hicho chuma. Humo ndani mna chuma, na kinakisikia hicho chako." Akanipa kijiti cha mti mgumu, ncha yake imechongwa bapa. "Haya, unataka nini hasa?"

Sasa sikiliza. Kwetu mhunzi akikuuliza hivyo, hutakiwi kujibu mwenyewe. Unamtafuta mtu mzima wa ukoo akusemee taratibu, kwa kuwa neno ukishalitoa mbele ya mhunzi halifutiki. Nililijua hilo tangu utoto. Lakini nilikuwa msomi, nimevaa kaptula ya kupigwa pasi, jua linashuka. Nikajibu mwenyewe.

"Nataka kusikia mlio mmoja tu, vingine vyote vinyamaze."

"Vyote?"

"Vyote!"

Akanigusa sikio la kushoto. Kidole kilikuwa cha moto. Kisha akaniongoza, tukianza na kopo la mwisho na kurudi nyuma. Hedifoni nilivaa mimi, lakini aliyekuwa akiusikia mlio na kuuimba puani ni yeye! "Bado. Bado kidogo. Hapo." Tulipomaliza, ulibaki mlio mmoja, safi, kila nukta na kistari mahali pake.

Nikainua kichwa nimshukuru. Hakuna mtu. Nikamuuliza Athumani yule mzee kapitia wapi.

"Mzee gani?" Athumani akashangaa. "Mlango mmoja, na nimeukalia mimi. Wewe umeshinda unajisemesha kilugha peke yako." Lakini kijiti nilikuwa nacho mkononi.

Bwana aliporudi alisikiliza muda mrefu. Akavua hedifoni, akainuka, akanivutia kiti chake mwenyewe. "Kaa wewe." Jioni ile mkono wangu, mkono wa Mgweno, ndio uliojibu ng'ambo. Nilijiona mkubwa kuliko mkuu wa wilaya! Na baadaye nikafundisha vijana wawili wa Kipare kwenye redio ile ile.

Ila sikio la kushoto, tangu siku hiyo, husikia Morse tu. Hata iwe hafifu namna gani, hata katikati ya radi, nitaipata. Kwa sikio hilo mvua siisikii, jogoo simsikii, wala mtu. Daktari alilimulika akasema ni zima.

Mama yangu alipokuwa anakufa kule Ngujini, kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani, nikainama kwake kwa upande huo wa kushoto. Niliona midomo inacheza, nikadhani anahema tu. Dada yangu, aliyesimama nyuma, ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mama alikuwa ananiita jina langu la utotoni, tena na tena, akishangaa mbona siitiki.

Redio ile najivunia mpaka leo, sikufichi. Lakini wewe, mhunzi akikuuliza, "Vyote?", usiwe na pupa kama mimi. Wataje kwanza wale ambao hutaki wanyamaze. Mimi sikumtaja mama.